Taa ya Tangi la Matumbawe: Kuichagua, Kuipima na Kuizoesha Ukiwa Nairobi

Kipande changu cha kwanza cha tumbawe aina ya Montipora kilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Ndani ya siku tano kikawa cheupe kama chaki. Nilipima maji asubuhi na jioni nikitafuta kosa: chumvi ilikuwa sehemu 35 kwa elfu, joto nyuzi 25, amonia hakuna. Kilichobadilika nyumbani kilikuwa kimoja tu. Jumamosi ile nilifunga taa mpya, nikaiwasha kwa nguvu zake zote saa nne asubuhi, na kwa kuwa wageni walifika na kila mmoja alitaka kuona, nikaizima saa nne usiku. Siku iliyofuata nikafanya hivyo hivyo.

Tangu wakati huo nimesaidia kufunga taa kwenye matangi ya marafiki South B, Kasarani na Ruaka, na swali ninaloulizwa kwanza ni lile lile: taa gani ni nzuri? Mimi hujibu kwa kuuliza: unataka kufuga tumbawe gani, nalo litakaa sehemu gani ya tangi? Ukishajua hayo mawili, kuchagua taa ni kazi ya jioni moja. Usipoyajua, unaweza kununua taa ya bei ghali kuliko zote na bado ukapoteza mifugo yako.

Taa inamlisha nani

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake wanaishi mwani wa seli moja waitwao zooksanthela. Mwani hao hufanya usanisinuru kama jani la sukuma wiki, kisha humpa mwenyeji wao sukari na mafuta. Kwa matumbawe mengi ya maji ya juu, sehemu kubwa ya nishati, hata kufikia asilimia 90, hutoka kwa mwani hao. Kwa hiyo hela unayolipia taa ni hela ya chakula.

Chakula hicho kina rangi yake. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza. Ukishuka mita kumi hivi, mwekundu karibu wote umekwisha, ilhali wa buluu unaendelea kushuka. Mwani wa tumbawe wamejijenga kwa mazingira hayo. Klorofili yao na rangi nyingine iitwayo peridinini hunasa zaidi mwanga wa urujuani na buluu, kati ya nanomita 400 na 500, na kidogo mwekundu karibu na 670. Ndiyo sababu taa za matumbawe huonekana za buluu, na ndiyo sababu taa ya balbu ya sebuleni, hata iwe kali vipi machoni, haitoshi.

Rangi zinazotuvutia hazitoki kwa mwani, kwa maana mwani wenyewe ni wa kahawia. Kijani, pinki, chungwa na zambarau ni protini zinazotengenezwa na tumbawe lenyewe. Zina ukoo mmoja na ile protini ya kijani iliyopatikana kwa yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, kazi iliyowapa Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Baadhi ya protini hizi hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa wa kijani au mwekundu. Hizo ndizo zinazowaka usiku taa ikibaki ya buluu pekee. Nyingine haziwaki kabisa. Zambarau na buluu ya matumbawe mengi aina ya Acropora ni za kundi hili la pili, na huzioni vizuri mpaka pawe na mwanga mweupe. Nyingi ya protini hizi humkinga mnyama kama mwavuli, na ndiyo maana matumbawe mengi huongeza rangi mwanga ukiongezeka kwa kiasi.

Hapo pana funzo la dukani. Mahali pengi matumbawe huuzwa chini ya taa ya buluu tupu, na kila kitu hung'aa. Usione haya kusema, "Kaka, niwashie nyeupe kidogo nione." Tumbawe lililokuwa kijani cha ajabu linaweza kuwa kahawia tupu, au likawa zuri zaidi. Vyovyote vile utajua unachonunua.

Kumbuka pia mizani hii, kwa sababu mbele tutairudia. Mwanga ukipungua, tumbawe huacha mwani waongezeke ili wanase kidogo kilichopo, na rangi yote hufunikwa na kahawia. Mwanga ukizidi ghafla, au joto likipanda, mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji, naye huwafukuza. Huko ndiko kupauka. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kali wakati wa El Niño, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Sebuleni kwangu nilifanya jambo lile lile kwa kitufe kimoja.

Anza na tumbawe, si taa

Mwanga wa matumbawe hupimwa kwa PAR, yaani idadi ya chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700 zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, ikihesabiwa kwa maikromoli. Jua la adhuhuri juani kabisa hufika karibu 2,000. Tangi halihitaji hata nusu ya hiyo.

Matumbawe laini na uyoga wa bahari, yaani Discosoma, Sarcophyton, Xenia na zoa (jina la mkato la zoanthidi), huridhika na PAR ya 50 hadi 150. Matumbawe magumu ya polipu kubwa (polipu ni kile kimdomo chenye mikono midogo), ambayo wafugaji huyaita LPS, kama vile Euphyllia, hukaa vizuri kati ya 80 na 200. Yale ya polipu ndogo, SPS, kama Montipora, Pocillopora, Stylophora na Acropora, hutaka 200 hadi 400. Acropora ndiyo yenye njaa kuliko wote. Montipora ya sahani huvumilia sehemu ya chini ya kiwango hicho, na wengine huifuga chini zaidi bila shida.

Kama huu ni mwaka wako wa kwanza, shauri langu ni hili, na nalitoa kwa moyo wote: fuga matumbawe laini na Euphyllia moja au mbili, ukinunulia taa inayoweza kufika PAR 250 kwenye nusu ya juu ya tangi lakini ukiitumia chini ya hapo. Utabaki na nafasi ya kukua bila kununua taa mara mbili. Anayeanza na Acropora kwenye tangi la miezi miwili huwa hapotezi kwa sababu ya taa. Hupoteza kwa sababu maji bado hayajatulia, na taa kali huharakisha msiba.

Jambo moja kuhusu mahali pa kuyapata. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, na matumbawe ya mle si ya kuchukuliwa, hata kijipande kilichokatika na kusukumwa ufukweni. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yanayoingizwa kutoka nje lazima yawe na kibali. Njia iliyo safi zaidi ni vipande vilivyokuzwa kwenye tangi la mwenzako. Tena vipande hivyo vimeshazoea taa, na unaweza kumuuliza mwenyewe vilikuwa vikipata PAR kiasi gani.

Pima tangi lako

Chukua futi ya fundi. Andika urefu, upana, na kina kutoka uso wa maji hadi mchangani. Kisha pima kina kutoka uso wa maji hadi juu ya jiwe la juu kabisa. Kipimo hiki watu hukisahau na ndicho muhimu zaidi, kwa kuwa ndipo matumbawe yenye njaa yatakapokaa.

Taa moja ya LED ya umbo la mraba hueneza mwanga vizuri kwenye eneo la kama sentimita 60 kwa 60. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 45 na kina 45, lenye lita kama 120, linahitaji moja. Tangi la sentimita 120 linahitaji mbili, na kama una mwamba mrefu katikati, hata tatu ndogo ni bora kuliko mbili kubwa, kwa sababu mwanga unaotoka pande nyingi hupunguza vivuli. Kivuli si jambo dogo. Acropora inayopata mwanga upande mmoja hupoteza nyama upande wa pili, nawe hulioni hilo mpaka siku unayoigeuza.

Angalia na kifuniko. Kioo safi hupunguza mwanga kidogo tu, lakini kioo chenye utando wa chumvi hupunguza sana. Mimi nimeondoa kioo na kuweka wavu mweupe wa plastiki wenye matundu makubwa. Samaki hawaruki nje, na mwanga hupita.

T5, halaidi au LED

Tyubu za T5, zile fluoresenti nyembamba, hutoa mwanga laini ulioenea sawasawa, usio na vivuli vikali, na wafugaji wa Acropora bado wanazipenda kwa sababu hiyo. Ubaya wake ni kwamba hufifia. Baada ya miezi 9 hadi 12 inabidi uzibadilishe, ingawa machoni bado zinawaka vizuri. Kabla ya kununua, hakikisha umepata mtu wa uhakika wa kukuuzia tyubu za akiba za aktiniki, yaani za buluu; tyubu nyeupe za dukani hazitachukua nafasi yake.

Taa za metali halaidi zilikuwa mfalme miaka ya nyuma. Hutoa yale mawimbi ya mwanga yanayocheza mchangani kama bahari yenyewe. Hula stima nyingi na kutoa joto jingi. Julai ya Nairobi, usiku ukishuka hadi nyuzi kumi na kitu, joto hilo linaweza kusaidia hita, lakini Februari litakulazimu kununua feni.

Kwa nyumba nyingi za hapa mjini, LED ndiyo jibu. Unaweza kuipunguza na kuiongeza, unaweza kuchagua rangi, na haichomi maji. Lakini kuna LED na LED. Ile ya bei nafuu iliyoandikwa wati 300 mara nyingi huvuta chini ya nusu ya hizo. Wati za kwenye boksi hazikuambii chochote kuhusu PAR. Tafuta taa yenye ramani ya PAR iliyochapishwa na mtengenezaji, ikionyesha namba kwa kina tofauti. Kampuni kama EcoTech, AI (AquaIllumination) na Kessil hutoa namba hizo. Taa isiyo na ramani si lazima iwe mbaya, ila utahitaji kuipima mwenyewe.

Kuhusu uhai wa LED, takwimu ya saa 50,000 unayoiona kwenye boksi, kwa saa 9 kila siku, ni miaka 15. Vidude vyenyewe vinaweza kufika huko. Kinachokufa mapema ni feni na kisanduku cha umeme, na kwa vumbi la Nairobi feni ndiyo ya kwanza.

Rangi: chaneli na namna ya kuzichanganya

Taa nyingi za LED zina chaneli tatu hadi nane: urujuani wa nanomita 400 hadi 420, buluu ya kina karibu na 450, buluu ya kawaida karibu na 470, nyeupe, na wakati mwingine kijani na nyekundu. Kazi ya kulisha hufanywa na urujuani na buluu. Nyeupe hujaza mapengo na kukuwezesha kuona samaki kwa rangi zao. Kijani na nyekundu, mimi huziacha kati ya asilimia 5 na 10, kwa ajili ya macho tu. Nyekundu nyingi hupendwa na mwani wa kero kuliko matumbawe.

Anza na urujuani na buluu zote zikiwa sawa, na nyeupe robo au theluthi ya hizo. Ukiona tangi ni la buluu mno kwa macho yako, ongeza nyeupe polepole, lakini kumbuka kwamba nyeupe nayo huongeza PAR. Usipandishe chaneli moja bila kupunguza nyingine.

Namba za Kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, zilikuwa na maana wakati wa tyubu: 6,500 kwa mwanga wa mchana, 10,000 kwa nyeupe kali, 20,000 kwa buluu. Kwa LED ya chaneli nyingi zinasaidia kidogo sana.

Stima, na gharama ya kila mwezi

Hesabu hii ifanye kabla ya kulipa. Taa ya wati 100 ikiwaka kwa nguvu zote saa 9 hula uniti 0.9 kwa siku, yaani 27 kwa mwezi. Halaidi ya wati 250 kwa saa hizo hizo hula zaidi ya uniti 67. Sasa fungua meseji ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, na uzidishe. Hiyo ndiyo bei yako halisi, pamoja na kodi na makato yote.

Umeme wetu ni volti 240, na hupanda na kushuka. Kila taa yangu imechomekwa kwenye TV guard, kile kifaa kinachokata stima ikipanda na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Kinapatikana Luthuli Avenue na karibu kila duka la vifaa vya umeme. Waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likitelemka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mwite fundi wa stima aliyehitimu akufungie swichi ya kukata umeme unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na mikono yako itakuwa mle ndani kila wiki.

Stima ikipotea, usihangaike na taa. Matumbawe huvumilia siku nzima ya giza bila dhara, na wafugaji wengine huzima taa siku tatu makusudi ili kupambana na mwani. Kinachoua ni maji kusimama na oksijeni kuisha. Betri au inveta yako ipe pampu ya mkondo. Stima ikirudi, endelea na ratiba ilipofika. Usiongeze saa ili kufidia.

Kutundika

Sentimita 20 hadi 30 juu ya maji ndiyo sehemu ya kuanzia kwa LED nyingi. Chini ya hapo katikati huungua na pembe hubaki gizani. Juu zaidi mwanga huenea vizuri lakini hupungua. Kwa chanzo kidogo kama nukta, umbali ukiwa mara mbili mwanga hubaki robo, ingawa ndani ya tangi vioo hurudisha sehemu yake. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea fremu ya chuma ndani ya siku moja. Mwambie aipake rangi ya kuzuia kutu makoti mawili, na uache minyororo ili uweze kupandisha na kushusha.

Kuhusu dirisha: Nairobi iko karibu nyuzi 1 na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Tangi uliloliweka Machi mahali palipokuwa na kivuli linaweza kupigwa na jua la moja kwa moja miezi mitatu baadaye. Nimeona maji yakipanda nyuzi 3 mchana mmoja kwa sababu hiyo. Weka tangi mbali na dirisha, au uwe na pazia zito.

Kupima PAR, hatua kwa hatua

Kipima PAR cha majini si cha bei rahisi, na utakitumia mara chache kwa mwaka. Sisi watano tulichanga kama chama na kununua kimoja, kinazunguka. Ukiweza kuazima, azima. Kilicho bora ni kile kinachosoma spektra yote, kama Apogee MQ-510. Vya zamani husoma buluu ya LED chini ya ukweli. Programu za simu za kupima lumeni na laksi usizitegemee kwa jambo hili, kwa sababu laksi hupimwa kwa jinsi jicho la binadamu linavyoona, na jicho letu halioni buluu vizuri.

Funga kihisi kwenye bomba jembamba la plastiki ili mkono wako usiweke kivuli. Washa taa kwa asilimia 40 na uiache dakika 15 itulie. Pampu ziache zikifanya kazi kama kawaida, kwa kuwa mawimbi hukusanya na kutawanya mwanga. Namba itakuwa ikiruka, basi subiri sekunde 10 na uandike wastani. Chora mraba wa tangi kwenye karatasi, ugawe mara tisa, na upime kila kisanduku kwa vina vitatu: juu ya jiwe, katikati, mchangani. Ni vipimo 27. Huchukua kama nusu saa, na sijawahi kuona nusu saa nyingine yenye faida kama hiyo katika ufugaji huu.

Kwenye tangi langu la sentimita 60, kwa asilimia 40, nilipata 140 juu ya jiwe la katikati na 60 pembeni. Kwa asilimia 65 ikawa 230 katikati na kama 100 pembeni. Kwa hiyo tangi moja, taa moja, lina nyumba kwa Montipora, Euphyllia na uyoga, bila kugusa kitufe. Karatasi ile bado nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la tangi. Ninaponunua kipande kipya, natazama karatasi kwanza, ndipo nachagua mahali.

Kama huna namna ya kupata kipima, tumia ramani ya mtengenezaji, anza chini ya unachodhani, na usome matumbawe kama nitakavyoeleza.

Ratiba ya siku

Tunaishi mahali ambapo mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, na hivyo ndivyo miamba mingi ya matumbawe inavyoishi. Lakini tangi halihitaji saa 12 za mwanga mkali. Mimi hutumia saa 10 kwa jumla: saa 2 za kupanda polepole, saa 6 za nguvu kamili, saa 2 za kushuka.

Tena si lazima zianze alfajiri. Kama wewe ni wa kutoka kazini na kukwama kwenye jamu ya Mombasa Road hadi saa moja jioni, anza saa sita mchana na umalize saa nne usiku. Nguvu kamili itakuwa kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku, nawe utalifurahia tangi. Kilicho muhimu ni saa zile zile kila siku, na giza la kweli baadaye. Taa ya mwezi iwe hafifu mno au usiiweke kabisa.

Kuzoesha: hapa ndipo wengi huanguka

Taa mpya, au tumbawe jipya, huanza chini. Kwa LED, weka asilimia 30 hadi 40 ya nguvu za taa, kisha ongeza asilimia 5 za taa kila wiki. Kutoka 30 hadi 65 ni wiki saba. Zinachosha, najua. Lakini mwani walio ndani ya tumbawe hubadilisha kiasi cha klorofili yao polepole, na mnyama hutengeneza protini za kujikinga polepole. Hakuna dawa ya kuwaharakisha. Ukiona dalili ya kupauka popote, rudi nyuma asilimia 10 na ukae wiki mbili.

Tumbawe jipya kwenye tangi lililokwisha kutulia huwekwa mchangani au pembeni, hata kama ni Acropora. Kila baada ya siku 7 hadi 10 lipandishe hatua moja. Kama taa yako haina namna ya kupunguza nguvu, tandaza juu ya tangi tabaka tatu za wavu wa plastiki wa madirishani, ukiondoa moja kila wiki. Nasisitiza wavu wa plastiki wa madirishani. Neti nyingi za kitanda zinazogawiwa au kuuzwa kwetu zimetiwa dawa ya pairethroidi, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki, kamba na kaa. Kipande kimoja kikigusa maji kinaweza kumaliza kila kitu.

Njia nyingine ni kupunguza saa. Kinachomfikia mnyama kwa siku ni nguvu mara muda, hivyo saa 5 za nguvu kamili kwa wiki ya kwanza ni mwanzo mpole kuliko 8. Lakini nguvu iliyozidi ni iliyozidi hata kwa saa 2, kwa hiyo tumia njia hii pamoja na kupunguza asilimia, si badala yake.

Kusoma tumbawe

Chukua tochi na lenzi ndogo usiku, taa zikiwa zimezimwa, na uangalie ncha. Acropora inayokua ina ncha nyeupe au za rangi angavu zilizojaa, nyororo. Ncha zilizounguzwa na mwanga ni nyeupe kavu, mifupa ikionekana, na mara nyingi ni upande wa juu pekee. Hiyo ndiyo alama unayoitafuta: mwanga mkali hupausha upande unaoutazama. Tatizo la maji au wadudu huanza popote, mara nyingi chini au kwenye shina.

Zoa zilizorefuka shingo kama miche iliyoachwa ndani ya nyumba zinaomba mwanga. Zilizojikunja na kulala chini mchana kutwa zina mwanga mwingi mno. Zishike kwa glavu. Baadhi zina palitoksini, sumu ambayo haifai kufika jichoni wala kwenye kidonda. Euphyllia iliyoshiba mwanga hujitokeza na kupunga mikono yake. Ikibana mwili kwa saa zote 6 za nguvu kamili na kufunguka jioni tu, ishushe.

Kahawia ndiyo inayowachanganya watu wengi. Wengi huona kahawia na kuongeza taa papo hapo. Kabla ya hapo pima naitreti na fosfeti, kwa sababu virutubisho vingi huongeza mwani ndani ya tumbawe hata mwanga ukitosha. Mimi hulenga naitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Kinyume chake pia ni hatari: maji yasiyo na virutubisho kabisa chini ya taa kali hutoa rangi hafifu kama iliyofuliwa, kisha tumbawe hufa. Mwanga mwingi unahitaji chakula zaidi na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) iliyotulia. Siku unayopandisha taa, usibadilishe kitu kingine chochote, ili ukiona badiliko ujue limetoka wapi.

Matunzo

Kila Jumapili napangusa kioo cha taa kwa kitambaa chenye maji yaliyochujwa na siki kidogo, taa ikiwa imechomolewa na kupoa. Kila baada ya miezi mitatu napangusa vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Kila baada ya miezi sita zamu yangu ya kipima hufika, napima visanduku vile vile tisa na kuandika namba mpya kando ya za zamani kwenye karatasi ile ya kabatini. Mara ya mwisho kisanduku cha nyuma kushoto kilikuwa kimeshuka kutoka 95 hadi 40. Taa haikuwa na kasoro yoyote. Montipora niliyoitengeneza upya kutoka kipande cha rafiki ilikuwa imekua sahani pana kuliko kiganja changu, ikafunika kila kilichokuwa chini yake. Niliikata nusu, nikampelekea kipande yule aliyenipa cha kwanza, na zoa zilizokuwa kivulini nikazisogeza mbele, pembeni kulia, ambako karatasi inasoma 100.